Vijana katika muziki wa wazee: kisa cha chama cha Siong Leng, Singapore

Mwaka 1983, katika mji mdogo wa Llangollen ulioko kaskazini mwa Wales, chama cha Siong Leng kutoka Singapore kiliwapandisha wanamuziki wake jukwaani kwenye tamasha la 37 la kimataifa la muziki, mahali ambapo kwaya na vikundi vya ngoma za asili kutoka pande nyingi za dunia hushindana kila mwaka tangu 1947. Walikuwa wakipiga nanyin, muziki wa kale wa kusini mwa mkoa wa Fujian nchini China. Walirudi nyumbani na nafasi ya tatu katika uimbaji wa mtu mmoja wa nyimbo za jadi, na nafasi ya nne katika upigaji wa ala kwa kikundi.

Habari hii kwa kawaida husimuliwa kama habari ya ushindi, na sina sababu ya kuupunguza ushindi huo. Hata hivyo, anayetaka kuelewa namna muziki wa kikundi kidogo unavyorithishwa kwa vijana waliokwisha kuhama lugha ya babu zao hatapata jawabu kwa kuhesabu nafasi za mashindano. Lililo zito ni kwamba chama kilichoanzishwa mwaka 1941, na ambacho kufikia miaka ya 1970 kilikuwa kikitegemea wanachama waliokuwa wakizeeka, kiliamua kuweka matumaini yake kwa vijana wakati ule ule ambapo hali ya nchi ilikuwa ikiwavuta vijana hao mbali na muziki wenyewe. Uamuzi huo ndio kisa chetu, na kuupima kunahitaji kwanza kujua muziki huu unamtaka mtu afanye nini anapoketi kuupiga.

Watu watano, hakuna kiongozi

Nanyin, ambayo Taiwan huitwa nanguan, ina makao yake katika mji wa Quanzhou na wilaya zinazouzunguka. Msomaji wa Kiswahili anaufahamu mji huu kwa njia nyingine, hata kama hajui: ndio Zaytun ya wasafiri wa Kiarabu, bandari ambayo Ibn Battuta, aliyekuwa amefika Kilwa mwaka 1331, aliitaja katika masimulizi yake kuwa miongoni mwa bandari kubwa kuliko zote duniani. Kutoka bandari hiyo na nyingine jirani, watu wa Fujian walihamia Manila, Malaya, Java na Singapore, wakaenda na lugha yao, miungu yao na muziki wao.

Kikundi kamili cha muundo uitwao "nne za juu" kina watu watano. Mmoja hupiga pipa, ala ya Kichina ya nyuzi, ambayo katika nanyin hulazwa karibu usawa mapajani, kinyume cha desturi ya wapigaji wengi wa China ya leo wanaoisimamisha wima. (Pipa ni ndugu wa mbali wa udi upigwao katika taarabu ya Unguja, zote mbili hudhaniwa kuwa zimetokana na ala za Asia ya Kati, moja ikaelekea mashariki na nyingine magharibi.) Wa pili hupiga sanxian, ala ya nyuzi tatu yenye shingo ndefu na kisanduku kilichowambwa ngozi ya nyoka. Wa tatu hupuliza dongxiao, filimbi ya wima itengenezwayo kwa sehemu ya mwanzi iliyo karibu na mzizi. Wa nne hupiga erxian, zeze la nyuzi mbili ambalo manyoya ya upinde wake hupita katikati ya nyuzi hizo. Wa tano huimba, na mikononi ameshika vibao vitano vya mti mgumu ambavyo kwavyo hutoa mapigo makuu.

Hakuna anayesimama mbele yao na kijiti. Pipa ndiyo inayoongoza, na sanxian huifuata hatua kwa hatua kama kivuli. Dongxiao nayo huongoza upande wa sauti ndefu, na erxian huifuata. Wajuzi wenyewe husema kwamba pipa hutoa mifupa ya wimbo na filimbi huivika nyama, na maneno hayo si mapambo, kwa kuwa ndivyo hata maandishi ya muziki yalivyo. Karatasi ya nanyin huandikwa kwa alama tano za sauti, na pembeni mwake huwekwa alama za vidole vya mpiga pipa na alama za mapigo. Mpuliza filimbi akiitazama karatasi hiyo anaiona mifupa tu. Sauti za kuunganishia, mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kutangulia kidogo au kuchelewa kidogo, yote hayo hayakuandikwa popote. Huyapata kwa kukaa karibu na mtu anayeyajua, kwa miaka.

Mapigo nayo yana uzito wake. Katika nyimbo za mwendo wa taratibu sana, pigo moja la vibao hufuatwa na mapigo saba ambayo vibao havilii kabisa, na watu watano wanapaswa kufika pamoja kwenye pigo linalofuata bila mtu wa kuwahesabia. Katika okestra ya watu hamsini, kijana mwenye wasiwasi anaweza kujificha nyuma ya wenzake wa zeze, akapunguza sauti penye ugumu na kuiongeza anapopajua. Miongoni mwa watano, ambapo kila ala ni moja tu, kujificha huko hakuwezekani: mpiga erxian akipotea, kila aliyemo chumbani anajua kwamba erxian imepotea.

Kuna maneno ya kitabu cha historia cha karne ya 5, yaliyoandikwa kuhusu nyimbo za enzi ya Han, nasaba ya kale ya China, yasemayo kwamba nyuzi na mianzi huitikiana, na anayeshika kipimo cha mapigo ndiye anayeimba. Wapenzi wa nanyin hupenda kuyanukuu kama ushahidi wa ukongwe wa muziki wao. Kama mnyororo huo haukukatika tangu Han mpaka leo ni mjadala wa wanahistoria. Kwa mchambuzi wa kisa hiki yatosha kwamba sentensi hiyo ya zamani inaeleza barabara kile kinachoonekana chumbani.

Kwa upande wa ujana, hekaya mashuhuri ya nanyin inasema kwamba mfalme Kangxi, aliyetimiza miaka 60 mwaka 1713, aliletewa wanamuziki watano kutoka kusini mwa Fujian, akafurahishwa nao hata akawatunukia mwavuli wa manjano na taa za kasri. Mwavuli na taa za namna hiyo huwekwa jukwaani hadi leo. Hekaya huwaita wanamuziki hao kwa jina ambalo neno mojawapo ndani yake ni "vijana". Kwa hiyo muziki huu, ambao watu waliuona katika miaka ya 1970 kama shughuli ya wazee wenye mabirika ya chai, katika kumbukumbu yake yenyewe unajihesabu kuwa umeheshimishwa na vijana watano.

Hali ya Singapore

Vyama vya nanyin katika Asia ya Kusini-Mashariki vilikuwa vya watu wasiolipwa. Mtu alifunga duka au akatoka kazini, akaenda kwenye nyumba ya chama, akanywa chai, akaketi kupiga, akampisha mwenzake. Vyama vilialikana na kutembeleana kwa adabu maalumu, na mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika, viliadhimisha siku ya mlinzi wa muziki huo, Meng Chang, mfalme wa mwisho wa dola ya Shu ya Baadaye katika karne ya 10. Mafunzo hayakuwa na ratiba ya shule. Mtoto wa mwanachama alikuwa chumbani tangu utotoni, na kabla hajaguswa na mwalimu masikio yake yalikuwa yamekwisha kujazwa.

Utaratibu huo unafanya kazi maadamu mambo matatu yapo: watu kutoka eneo moja wanaendelea kukaa karibu karibu, lugha ya nyumbani ndiyo lugha ya nyimbo, na jioni hazina jambo jingine kubwa la kufanya. Katika Singapore ya miaka ya 1960 na 1970 mambo yote matatu yalilegea. Familia zilihamishiwa kwenye majengo mapya ya ghorofa yaliyojengwa na serikali, mbali na mitaa ya zamani ya koo. Televisheni iliingia nyumbani. Na tangu 1967, vijana wa kiume walitakiwa kujiunga na jeshi kwa miaka miwili au zaidi wanapofikia umri wa takriban miaka 18. Nasisitiza jambo hili la mwisho kwa sababu wachambuzi wa muziki hulipita haraka. Okestra ya shule ikipoteza wapigaji wanne kwa sababu ya jeshi, inaendelea. Kikundi cha watano kikimpoteza mpuliza dongxiao peke yake, hakuna kikundi, na filimbi hiyo si ala ambayo mtu anaweza kufundishwa kuishika kwa miezi mitatu ili kuziba pengo.

Kisha likaja suala la lugha. Mwaka 1979 waziri mkuu Lee Kuan Yew alizindua kampeni ya kuwahimiza Wachina wa Singapore wazungumze Kimandarini badala ya lugha zao za nyumbani, na Kihokkien, yaani lugha ya watu wa kusini mwa Fujian, kilichokuwa na wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya Kichina nchini humo, ndicho kilichoathirika zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipindi vya redio na televisheni katika lugha hizo vilikuwa vimeondolewa hatua kwa hatua. Kufikia mwaka 1987 Kiingereza kilikuwa lugha kuu ya kufundishia katika shule zote. Kijana wa Kichina aliyezaliwa miaka ya 1970 akawa anasoma kwa Kiingereza, anafundishwa Kimandarini kama lugha yake ya asili, na Kihokkien anakisikia kwa bibi yake.

Nanyin huimbwa kwa Kihokkien, tena kwa matamshi ya Quanzhou ambayo hata msemaji wa Kihokkien cha mitaani Singapore hakuwa nayo moja kwa moja. Haitoshi kusema kwamba vijana hawakuelewa maneno. Uimbaji wa nanyin hulichukua neno moja la silabi moja na kulinyoosha juu ya mapigo mengi, na walimu humfundisha mwanafunzi kuligawa katika kichwa, tumbo na mkia: konsonanti ya mwanzo, irabu inayobeba wimbo, na sauti ya kufungia. Mkia ndio mahali ambapo mwimbaji hodari hujulikana. Kihokkien kina maneno mengi yanayoishia kwa midomo iliyofungwa, kama sauti ya *m*, na mengine yanayokatwa ghafla kwa *p*, *t* au *k*. Kimandarini cha leo hakina mikia hiyo. Kijana aliyelelewa kwa Kimandarini anaweza kuikariri sauti moja moja, lakini masikio yake hayamwambii kwamba amekosea, na katika mwendo wa taratibu namna hii, mkia uliokosewa haufunikwi na neno linalofuata, kwa sababu neno linalofuata liko mbali bado.

Alichofanya Teng Mah Seng

Aliyelishika suala hili ni Teng Mah Seng, mfanyabiashara mwenyeji wa Fujian aliyekiongoza chama cha Siong Leng katika kipindi hicho. Mwaka 1977 chama chake kiliandaa Singapore mkusanyiko wa vyama vya nanyin vya Kusini-Mashariki mwa Asia. Mkusanyiko wa namna hiyo, pamoja na furaha yake, huonyesha ukweli bila huruma, kwa maana unawakutanisha chini ya paa moja wajuzi wa nchi kadhaa, na mtu yeyote mwenye macho anaweza kuziona mvi.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa kuwatafuta vijana kwa makusudi na kuwafundisha, badala ya kusubiri watoto wa wanachama. Hatua hiyo inaonekana ya kawaida kwetu leo, lakini ilibadilisha asili ya chama. Mtoto wa mwanachama alikuja na masikio yaliyojaa. Kijana aliyetafutwa alikuja na masikio matupu, naye alihitaji kitu ambacho chama cha namna hii hakikuwa nacho, yaani mtaala. Lazima kuwe na wimbo wa kuanzia, wimbo wa kufuata, na jambo la kumwonyesha mzazi baada ya miezi kadhaa. Hazina ya nanyin haikupangwa hivyo. Ina nyimbo za kuimbwa zaidi ya elfu moja, nyingi zikitoka katika hadithi za mapenzi na kutengana zilizojulikana na kila mtu Fujian, kama ile ya Chen San na Wuniang, na ina vipande virefu vya ala tupu vinavyodai uvumilivu wa mtu mzima.

Hatua ya pili ndiyo yenye ubishi. Teng aliandika mashairi mapya, mengi yakiwa mafupi, juu ya mambo ya maisha ya sasa na maadili, na mtunzi Zhuo Shengxiang kutoka Fujian akayatungia muziki katika kanuni za nanyin. Kijana aliweza sasa kuanza na wimbo mfupi, wenye maneno anayoelezwa na kuyaelewa, na akamaliza kitu kizima kabla hajakata tamaa.

Wapinzani wa njia hii, na wapo hata leo, husema kwamba kufupisha nyimbo za nanyin ni kuondoa kile kile kinachoifanya iwe nanyin. Hoja yao si ya wazee wakaidi tu. Urefu katika muziki huu unafanya kazi. Katika wimbo mrefu, kikundi hakifikii uelewano wake mwanzoni. Hufika baada ya mizunguko kadhaa, pale mpuliza filimbi anapoanza kusikia mwimbaji atavutia pumzi wapi, na pipa inapoanza kumngoja kwa kiasi kidogo kisichoandikika. Wimbo wa dakika tatu humalizika kabla jambo hilo halijatokea. Vijana waliofunzwa kwa nyimbo fupi pekee wanaweza kupiga kwa usahihi kabisa, kila mmoja sehemu yake, bila kuwahi kuonja ile hali ambayo wazee walikuwa wakiifuata kila jioni.

Pamoja na hayo, naona Teng alikuwa sahihi kwa hali aliyokuwa nayo. Swali lililokuwa mbele yake halikuwa kama vijana wapige nyimbo ndefu au fupi. Lilikuwa kama kiti cha erxian kitakuwa na mtu baada ya miaka kumi. Kwa kikundi cha watu watano, ambacho kila mwaka jeshi, chuo na kazi vinaweza kukiondolea mtu, njia pekee ya usalama ni kuwa na vijana wengi zaidi ya viti, ikiwezekana wawili au watatu kwa kila ala, na idadi hiyo haipatikani kwa kuwakalisha wageni wa umri wa miaka 13 mbele ya kipande cha nusu saa chenye pigo moja la vibao kwa mapigo manane. Wimbo mfupi ulikuwa mlango. Kosa, kama lipo, ni pale mlango unapogeuka kuwa nyumba, na hilo halikuwa mikononi mwake peke yake.

Wales, na usiku mmoja wa Paris

Kwa mtazamo huu, safari ya 1983 inaeleweka vizuri zaidi. Kijana wa Singapore wa wakati huo alifundishwa shuleni kwamba lugha ya nyimbo hizi ni kizuizi cha maendeleo. Kumwambia kwamba muziki huo ni wa thamani kwa kuwa babu yake aliupenda kusingefua dafu. Kumpeleka Ulaya akasikilizwe na waamuzi wasiomjua babu yake lilikuwa jambo jingine. Kwa ushahidi tulio nao, nadhani safari hiyo ilikusudiwa masikio ya Singapore kuliko masikio ya Wales: wazazi, magazeti na maofisa wa utamaduni ndio waliopaswa kusikia kwamba muziki wa nyumba ya chama umepata nafasi ya tatu ng'ambo.

Inasaidia kuiweka safari hiyo kando ya nyingine iliyotangulia kwa mwaka mmoja. Mwaka 1982 chama cha Nansheng She cha Tainan, Taiwan, kilizuru Ulaya, na mjini Paris, katika ukumbi wa Radio France, kikapiga nanguan usiku kucha, mwimbaji wake mkuu akiwa Cai Xiaoyue, mwanamke aliyekwisha kukomaa katika sanaa hiyo kwa muda mrefu. Santuri za uimbaji wake zilitolewa baadaye na kampuni ya Kifaransa ya Ocora, na hadi leo watu wengi nje ya Asia wameujua muziki huu kupitia sauti yake.

Tofauti ya safari hizi mbili ni ya muda. Paris iliupa muziki muda wake wenyewe. Watu wa Tainan walipiga kama ambavyo wangepiga kwao, na msikilizaji ndiye aliyelazimika kujirekebisha, asinzie, azinduke, akute wimbo bado unaendelea. Llangollen ilikuwa na dakika chache kwa kila mshindani, kwaya ikitangulia na ngoma ikifuata, na waamuzi wenye karatasi za alama. Mazingira hayo yanapendelea sifa zinazoonekana haraka: sauti safi, kuanza pamoja, kumaliza pamoja. Uelewano unaopatikana katika mzunguko wa sita hauna safu katika karatasi ya mwamuzi. Kwamba vijana wa Siong Leng walipata walichopata chini ya masharti hayo kunaonyesha ufundi wa hali ya juu, lakini pia kunaonyesha ni upande gani wa nanyin uliokuwa ukipimwa.

Wala si haki kuzipanga safari hizi kana kwamba moja ni ya kweli na nyingine ni ya maonyesho. Watu wa Tainan walikwenda na mwimbaji aliyekwisha kuiva. Siong Leng ilikuwa ikijaribu kupata mtu wa kuiva. Mwenye shamba lenye mavuno na mwenye kitalu hawaulizwi swali moja.

Yaliyofuata

Mwaka 1987 Teng Mah Seng alitunukiwa Nishani ya Utamaduni, heshima kuu ya sanaa nchini Singapore. Ni mwaka ule ule ambao Kiingereza kilikamilisha kuwa lugha kuu ya shule zote, na kukutana kwa mambo hayo mawili kunastahili kutazamwa kidogo: dola ilimheshimu mtunzaji wa nyimbo za Kihokkien huku ikiendelea kukiondoa Kihokkien vinywani mwa waliopaswa kuziimba. Sioni unafiki hapo. Naona idara mbili zilizokuwa na kazi mbili, na kikundi cha watu watano kikiwa kimekaa katikati yao.

Nchini China mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Quanzhou, ambako lugha haikuhitaji kufundishwa upya, nanyin iliingizwa shuleni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2009 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Watoto wa huko wanaoshika pipa leo ni wengi kuliko Singapore inavyoweza kuota. Lakini darasa la watoto arubaini wanaopiga pipa pamoja ni jambo moja, na nanyin ni jambo jingine, kwa kuwa pipa arubaini hazina wa kumwongoza. Hapo tatizo la Singapore limegeuzwa kichwa chini. Singapore ilikuwa na ala tano ikikosa watu, na shule kubwa ina watu tele ambao inabidi wagawanywe katika vikundi vidogo vidogo, kila kimoja na mwalimu anayejua ala zote, kabla muziki haujaanza. Walimu wa namna hiyo ni haba popote.

Chama cha Siong Leng kipo hadi sasa. Vijana waliofunzwa enzi za Teng wakawa watu wazima na wakawafundisha wengine, na nanyin imeingizwa katika orodha ya urithi usioshikika ya Singapore yenyewe. Chama kimeendelea pia kuichanganya nanyin na ngoma, mashairi na uchezaji wa jukwaani, jambo ambalo mashabiki wa kale hulikunjia uso. Kwa jicho la mchambuzi, mchanganyiko wa jukwaani si kipimo kizuri cha hali ya kikundi, wala idadi ya maonyesho ng'ambo si kipimo. Kipimo kimo katika desturi za zamani za vyama vyenyewe, ambavyo mikusanyiko yao mikubwa ina mpangilio uliokwisha kukubalika: huanza kwa vipande virefu vya ala, hufuata nyimbo, na hufungwa kwa ala tupu. Katika kundi la nyimbo, muziki haukatwi ili kumpigia makofi aliyemaliza. Mwimbaji anapofika mwisho wa wimbo wake humkabidhi anayefuata vile vibao vitano, naye huvipokea kwa mikono miwili na kuketi, wakati pipa imekwisha kuingia katika wimbo mwingine. Mpuliza filimbi aliyechoka humpisha mwenzake vivyo hivyo, kiti kwa kiti, mpaka usiku wa manane watu watano waliopo jukwaani si wale walioanza.